Huduma ya picha Milimani, Kisumu, kwa wanaofuatiliwa saratani ya tezi dume

Mgonjwa aliyeanza matibabu ya homoni huhitaji picha mbili zinazolinganishwa: ya kabla ya dawa na ya sasa. Kituo hiki cha binafsi kimelielewa jambo hilo, na tunakipendekeza, ila kwa sharti moja litakalofuata.

Mapokezi wanadai CD yenye picha za zamani kabla ya kupokea fomu ya rufaa. Karatasi ya ripoti haitoshi, kwani daktari wa picha anatakiwa apime tezi ileile ya limfu mahali palepale, kwenye kipenyo chake kifupi. Iliyokuwa milimita 18 ikishuka hadi 9, imeingia kiwango cha kawaida, yaani chini ya 10. Ripoti zao huweka vipimo vya zamani na vipya mstari mmoja, kazi safi kweli. CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) hupigwa kwa dawa ya kung'arisha picha inayoingizwa mshipani, kwa hiyo njoo na majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo.

Shida iko kwenye mifupa. Doa la saratani mfupani likianza kupona hujaa chokaa, na kwenye CT huzidi kuwa jeupe. Hata lile ambalo halikuonekana mwanzo hujitokeza. Skani ya mifupa, inayotumia dawa yenye mionzi hafifu, nayo huweza kung'aa zaidi ndani ya wiki 12 za kwanza za matibabu. Tumesoma ripoti ya hapa iliyosema ugonjwa umeenea, ilhali PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa inashuka na maumivu yamepungua. Ripoti ya aina hiyo inaweza kumwachisha mtu dawa inayomfaa! Madoa mapya ya skani ya kwanza baada ya kuanza dawa yasubiri skani nyingine, angalau wiki 6 baadaye: yakiongezeka mengine mawili au zaidi, hapo ndipo ugonjwa umesonga mbele.

Sharti letu basi: fomu ya rufaa ionyeshe jina la dawa, tarehe ilipoanza na PSA za karibuni. Nyingi huletwa zimeandikwa "saratani" tu, na hapo msomaji wa picha anabahatisha.

PET ya PSMA, skani inayong'arisha seli za saratani ya tezi dume mwili mzima, hawana; hiyo ni Nairobi na viunga vyake, Aga Khan au Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Usiikimbilie wiki chache baada ya sindano ya kwanza ya homoni, maana mng'ao unaweza kupanda bila ugonjwa kukua.

Wanaotoka Siaya au Busia waombe CD ifunguliwe palepale mapokezi kabla ya kupanda matatu. Baadhi hutoka tupu.