Vitz, Fit ama Demio? Miezi 14 na gari ndogo hapa Kampala

Niseme mapema, huku Uganda tukisema gari mpya hatumaanishi ile siti zake bado ziko kwenye nailoni, tunamaanisha haijawahi kupigwa namba ya hapa. Yangu ni Toyota Vitz ya 2012, ilikula lami ya Japani miaka kumi ndo ikashuka Mombasa, na bado majirani walikuja kudai soda ya gari mpya na soda nikatoa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa boda. Nakaa upande wa Kira, kazi iko mjini, boda asubuhi na jioni ilikuwa inanila shilingi 14,000 za Uganda na mvua ikinyesha hao vijana wanageuka hawakujui, wanataka 20,000. Nikakaa chini na bibi yangu (mama watoto) tukasema bajeti ni milioni 30, hio ni kila kitu ndani, hakuna kukopa kwa shemeji. Mi moyoni nilikuwa nataka Subaru ka kijana yeyote wa Kampala, alafu nikapiga hesabu ya mafuta nikanyamaza. Yeye alikuwa na masharti mawili tu: watoto wawili wakae nyuma bila kupigana, na gari ifike Busia kwa mama na irudi na gunia la mahindi.

Tulizunguka bondi, zile yadi za magari yaliyotoka nje, za Nakawa na Jinja Road jumamosi tatu. Kitu cha kwanza nilichojifunza, bei unayosomewa sio bei. Bondi moja (jina silitaji) kijana akasema milioni 26, nikafurahi, kumbe 26 ni kabla ya kodi, wa pili akasema 28 na kodi ndani lakini namba na usajili ni juu yako, wa tatu akasema 29 unaondoka nayo barabarani. Ukiuliza haraka haraka utadhani wa kwanza ndo rahisi. Kodi yenyewe sio mchezo: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, withholding (kodi ya zuio) 6, ile ya miundombinu 1.5, na gari ikishazeeka unaongezewa ushuru wa mazingira, na yote inapigwa kwenye thamani ambayo URA, watu wa kodi, wameiona wao, sio ile ulionunulia we. Kwa hio we uliza swali moja tu, "nikikupa hizi pesa leo naondoka na namba?" akianza kuzunguka zunguka jua kuna bili inakuja.

Na umri angalia mwenyewe. Tangu 2018 gari ya miaka 15 na zaidi haiingii Uganda, so wauzaji wanapenda kukutajia mwaka mzuri. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, kule chini mara nyingi kuna kilebo kimeshonwa kina mwaka. Tairi pia zinasema. Kijana mmoja aliniapia "bosi hizi tairi mpya kabisa", zinang'aa kweli zimepakwa kile kidawa cheusi, nikachuchumaa nikasoma zile namba nne za ubavuni, 3214, yani wiki ya 32 mwaka 2014. Nikamuonyesha. Akacheka akasema ssebo (bwana) we ni fundi? Nikamwambia hapana mi ni mhasibu, akashusha laki tatu hapo hapo.

Sasa magari yenyewe. Toyota Passo nilikaa dakika mbili nikatoka, sio mbaya, injini ya lita moja ni ile ile ya Vitz na bei iko chini, ila mi ni mrefu na magoti yalikuwa yanaongea na dashibodi. Nissan Note ina nafasi nyuma kushinda zote hapa na kama una watoto watatu mi naona usisumbuke na nyingine, tuliyoipata tu ndo ilikuwa imechoka. Mazda Demio ile ya kuanzia 2014, jamani, hio gari ni tamu kuendesha, usukani unakusikiliza na ndani utadhani umelipa mara mbili, lakini nyuma kumebana na dirisha la nyuma ka tundu la posta, bibi yangu aliweka kiti cha mtoto akaniangalia tu nikajua imekwisha.

Fit ndo iliniumiza roho. Honda waliweka tenki la mafuta chini ya siti za mbele, so siti ya nyuma unaweza kuilaza flati ama ukainua kile kikalio juu ukabaki na uwazi kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Mkungu mzima wa matoke unausimamisha hapo bila kuulaza. Nilitaka kulipa siku hio hio! Iliponishinda ni bei, walikuwa milioni 33 na hawashuki, na pia fundi wangu wa mtaani alinipa jibu la ajabu kuhusu oili ya gia. Alisema oili ni oili. Gia ya Fit ni CVT, ile otomatiki ya mkanda, na inataka oili yake, ukimwagia ile nyekundu ya otomatiki ya kawaida unaiua polepole, na mi siwezi kununua gari ambayo mtu wa kuitibu ni mmoja na yuko mbali.

Vitz pia ni CVT, najua, mtaniambia. Tofauti ni kwamba Vitz kila fundi Kampala ashaifungua, na soko la spea la Kisekka ukisema "Vitz ya 2012" mtu anaingia nyuma anarudi na kitu mkononi kabla hujamaliza sentensi. Hata hivo service ya kwanza nilisimama pale pale, kijana alikuwa ameshashika ile chupa nyekundu. Na oili ya injini hii inakunywa lita 3 hivi, fundi akikutuma galoni ya lita 4 ujue ile iliyobaki ina mwenyewe.

Nilichukua Vitz kwa milioni 28.7, namba ikiwa ndani ya hio bei. Injini 996cc, silinda tatu, na utazijua kuwa ni tatu ukiwa umesimama kwenye taa, inatetemeka kidogo ka mtu ana homa ya asubuhi, ukiondoka inatulia. Kwenye jam napata kama kilomita 12 kwa lita, njia ya Busia imenipa 17 nikiwa mpole. Na petroli ikiwa inacheza elfu tano na kitu, hesabu yangu ya wiki imeshuka chini ya ile ya boda, sio kwa mbali sana lakini imeshuka, na mvua hainihusu.

Mabaya yapo. Kupanda kilima cha Kololo na watu wanne na AC imewaka, sahau, zima AC kwanza. Iko chini, na kilomita mbili za mwisho kwangu ni murramu na matuta ambayo wenyeji wamejitengenezea wenyewe bila vipimo, tukiwa watano inakwaruza tumbo na kila mtu ndani anasema "pole" utadhani imesikia. Wengi wanaweka spesa kuinua, mi nimekataa mpaka sasa sababu ukiinua vibaya inaanza kuyumba kwenye kona, na njia ya msitu wa Mabira na yale malori sio ya kujaribia. Buti ni ndogo, gunia moja la mahindi na begi, basi, la pili linakaa na watoto.

Redio sasa. Redio nyingi za magari ya Japani ya miaka hio zinaishia 90 kwenye FM, yangu hivo hivo, so CBS 88.8 naipata safi, Capital 91.3 hakuna. Kuna kidude cha kuongeza masafa, fundi redio ananiambia elfu themanini, kila wiki nasema wiki ijayo.

Na kila asubuhi nikiwasha kuna mama ananisalimia kwa Kijapani. Miezi miwili nilidhani ni karibu, mpaka jamaa mmoja akaniambia analalamika kwamba kadi haijawekwa, ni kile kifaa chao cha kulipia barabara kubwa za huko, ka vile sisi tunavotoa 5,000 pale Entebbe Expressway. Nilitaka kumng'oa. Lakini mtoto wangu wa miaka mitano ashashika yale maneno yote, anayasema pamoja naye bila kukosea, alafu anasema "haya baba, twende", so huyo mama amebaki.