Towton au Barnet: uchague ipi mezani?

Mapigano haya mawili ya Vita vya Mawaridi vya Uingereza, ambamo koo za York na Lancaster zilipigania taji, yanadai michezo ya vita ya mezani iliyo tofauti kabisa.

Towton, 29 Machi 1461, inataka meza kubwa na vijisanamu vingi. Utamu wake uko mwanzoni: upepo wenye theluji uliwapiga Walancaster usoni, mishale yao ikaanguka njiani, wakalazimika kushambulia. Kwa hiyo waongezee Wayork masafa ya mishale. Baadaye ni kusukumana tu mpaka Norfolk afike kuwasaidia Wayork.

Mimi nachagua Barnet, 14 Aprili 1471. Kwenye ukungu majeshi yalijipanga kombo, kila ubavu wa kulia ukiuzidi wa kushoto wa adui. Oxford, wa upande wa Lancaster, alimfurusha Hastings wa York, watu wake wakawakimbiza adui hadi mjini. Waliporudi, inasimuliwa, wenzao waliifananisha nyota ya nembo yao na jua la Mfalme Edward wa York, wakawatupia mishale. Kelele za usaliti zikalivunja jeshi la Warwick, kamanda wa Walancaster, naye akauawa. Mezani, weka kadi zilizofunikwa badala ya vikosi, na kikosi kikitokea ukunguni rusha dadu kwanza: kimetambuliwa, au kinapigwa na wenzake? Meza ndogo yatosha, na jioni moja mnamaliza.