Mita nne za waya: jiko la induksheni na ankara yake, Goma

Jiko lenyewe sina neno nalo. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu yote ni ya mita nne za waya, na sitaki mtu akose kununua chombo kizuri kwa kosa la waliokifunga.

Ankara ilikuja hivi: jiko la sehemu nne dola 290, kabo ya 3x6 (nyaya tatu za milimita 6 za mraba) mita 18 dola 90, dijonkta (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 32 dola 14, diferansieli (inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) ya miliampea 30 dola 38, fito la ardhi (chuma cha kupeleka umeme uliovuja ardhini) dola 18, mikono ya mafundi dola 70. Jumla dola 520. Mwenye kupanga bajeti aone hapo kwamba dola 230 hazikuwa za jiko. Dukani hutajiwa bei ya kioo cheusi kinachong'aa tu, na hizo nyingine unakutana nazo ukutani.

Bei ya hiyo kabo haikunisumbua, kwa sababu ndiyo inayotakiwa. Jiko la sehemu nne likiwashwa lote huvuta wati 7,200 hivi. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 31. Mzigo huo unataka waya wa milimita 6 za mraba, wa shaba, utoke kwenye mita mpaka jikoni peke yake, usigawane na friji wala prizi (soketi) ya pasi. Nililipia hivyo. Nilichofungiwa ni kingine.

Wiki za mwanzo maji ya chai, lita moja na nusu, yalichemka kwa dakika tano, bila makala (makaa), bila moshi, bila kupepea mbabula (jiko la makaa). Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kandambili iliyoangukia motoni, na ilitoka tu sehemu tatu zikiwaka pamoja. Kwenye kisanduku cha ukutani nyuma ya kabati nilikuta domino, kile kiungio cha nyaya cha plastiki chenye skrubu, imegeuka kahawia, skrubu moja imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka, utepe mweusi umechuruzika kama nta, na juu yake masizi ya upana wa kiganja. Upande mmoja wa domino iliingia kabo mpya ya 6. Upande wa pili ulitoka waya wa zamani mwembamba, wa milimita 2.5 za mraba, ule wa prizi iliyokuwapo tangu nyumba ijengwe. Nilipima kabo yote niliyofungiwa. Mita 14. Nne za mwisho, zile zinazojificha nyuma ya karo (vigae), hazikuwekwa kabisa.

Waya wa 2.5 hulindwa na dijonkta ya ampea 20, si zaidi. Hawa waliweka ya 32, kwa hiyo waya ungeungua ukutani na dijonkta isiruke kamwe, kwa sababu kwa hesabu yake kila kitu kiko sawa. Na maungio yenyewe yalikuwa yamelegea. Maungio yenye upinzani wa sehemu moja ya kumi ya ohm, yakipitisha ampea 31, hutoa joto la wati 96. Fikiria pasi ndogo ya kuunganishia redio, imefungiwa ndani ya ukuta, inawaka kila ukipika.

Niliwapigia simu walionifungia jiko. Aliyepokea hakuuliza hata rangi ya waya. «Mama, hizo ni sufuria zako. Sufuria za hapa kwetu zinachosha mashine.» Hilo ni neno la uongo, na anayeuza majiko haya analijua. Sufuria ya alumini, hizi za kumimina tunazozikuta kila soko, jiko haliitambui. Linapiga kelele kidogo, alama inawaka na kuzima, na halivuti umeme wa maana. Sufuria isiyofaa haiunguzi waya. Chukua sumaku ya mlango wa friji, iguse chini ya sufuria: ikinata sawasawa, na chini pakawa bapa, sufuria inafaa. Nilipotaja mita nne, alikata simu.

Nitasema haki yao. Karo walilikata vizuri, tundu la sentimita 56 kwa 49, kona zimenyooka, hakuna kipande kilichopasuka. Nafasi ya hewa chini ya jiko waliiacha, na feni inapumua. Hata vile vipande vya shaba vya kuunganisha fazi (nyaya zinazoleta umeme) kwenye jiko walivipanga sawa, mahali ambapo mafundi wengi hukosea na nusu ya jiko inakataa kuwaka. Kwa kazi ya karo ningewaita tena.

Halafu nikachimba nje, pale lilipopigiliwa fito la ardhi. Fito la mita moja na nusu lilikuwa na urefu wa mkono. Lilikutana na lava, likakatwa kwa msumeno, likafunikwa mchanga. Nafuta nilichosema kuhusu kuwaita tena.

Huu mji wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, kila fundi wa hapa anajua fito halizami. Basi chimba mtaro, ulilaze, au weka mawili matatu mbalimbali na uyaunganishe, ujaze udongo mweusi. Ardhi yetu ni mbaya, lakini diferansieli ya miliampea 30 huamka na kukata umeme hata ardhi ikiwa na upinzani wa ohm 500. Dola 38 hizo usizipunguze.

Unayetaka kufunga, soma kwanza kikomo cha mita yako. Mita ya ampea 20 haibebi jiko hili lote. Majiko mengi ya sehemu nne yana mpangilio wa kubana nguvu, kwa mfano yasizidi wati 3,500. Mwambie fundi aliweke jiko hapo, na huhitaji kuongezewa umeme. Kwenye kabo, kwaruza shaba kwa wembe: ikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa, irudishe. Usiruhusu karo ifunike kitu kabla hujaona kabo ikiingia nzima kwenye kisanduku cha mwisho. Skrubu za domino zikazwe tena baada ya mwezi mmoja, mita ikiwa imezimwa.

Kabo sasa imepita kipande kimoja, kwa fundi mwingine. Maharagi yanaiva kwa sufuria ya presha bila gunia la makala mlangoni, na jiko silirudishi. Kwa bei yao wenyewe ya ankara, mita nne ni dola 20. Hazijarudishwa mpaka leo.