Gololi, Ndoana au Pini? Tunachagua Kiungio cha Kuvuta Karavani

Mwangaluka wadau! Wa nje ya Tabora, hiyo ni salamu ya asubuhi, nanyi itikieni hivyohivyo. Leo niko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na hapa mezani nimetandaza vyuma vitatu. Kuna gololi ya kuvutia tela, yaani tufe la chuma linalofungwa nyuma ya gari, kuna ndoana kubwa kama zile za magari ya jeshi, na kuna huyu mgeni, kiungio cha pini kutoka Australia, nimeazima kwa wiki mbili.

Kuna kaka mmoja ana gari aina ya Hardtop, amepata karavani iliyotumika Ulaya. Karavani ninayoisema ni nyumba ya magurudumu, si ile misafara ya pembe iliyokuwa ikipumzika Kwihara kabla ya kushika njia ya Ujiji. Anauliza afunge nini. Kaka, kabla sijakujibu, ngoja nikusimulie upumbavu wangu mwenyewe.

Mwaka juzi nilinunua gololi ya mtumba. Fundi akaijaribu kwenye kichwa cha tela langu, kile kikombe kinachofunika gololi, ikaingia, akafunga mkono wa kichwa hicho, ikalia "tak". Akaniambia, "Bosi, imeingia kabisa." Kweli iliingia. Nikapakia ndoo za asali, nikatoka Sikonge kurudi mjini. Kwenye tuta la tatu nikasikia gari limekuwa jepesi ghafla. Kuangalia kioo, tela linakuja upande kama mlevi anayetaka kusalimia. Kilichoniokoa ni cheni. Ndoo mbili zilipasuka, na nyuki wa jirani walijua kabla hata ya trafiki.

Kosa lilikuwa hapa, sogeza kamera. Hii ndiyo gololi yenyewe, sijaitupa. Naibana na kalipa, hiki kipimio cha unene... mnaona? Milimita 47.6. Hiyo ni inchi 1 na 7/8, kipimo cha Marekani. Kichwa cha tela langu ni cha milimita 50. Ukizitazama kwa macho zote ni gololi tu, na kichwa kinajifunga vizuri mpaka unaamini. Ila ndani kuna nafasi, na nafasi hiyo inasubiri tuta. Wamarekani wana pia ya inchi 2, yaani milimita 50.8, hiyo nayo inaweza kugoma kuingia kwenye kichwa cha 50 au ikaingia kwa kulazimisha. Karavani za Ulaya zinatumia 50. Kwa hiyo usiende dukani na maneno, nenda na kalipa. Na gololi iliyolika ikafika milimita 49, mpe mtoto achezee.

Haya, ukubwa tumemaliza. Kitu cha pili ndicho watu wanakiruka: nguvu. Gololi halali ina maandishi, angalia hapa shingoni. Kuna herufi D na herufi S. S ni uzito unaoruhusiwa kukandamiza kutoka juu, kwa kilo. D ni mvutano, kwa kilonewtoni, na unaipata kwa hesabu ya darasa la saba: uzito wa gari kwa tani zidisha uzito wa tela kwa tani, gawa kwa jumla yao, halafu zidisha kwa 9.81. Tuseme gari na mzigo wake ni tani 3, tela tani 2. Tatu mara mbili ni sita, gawa kwa tano unapata 1.2, mara 9.81 inakuja 11.8 hivi. Gololi iliyoandikwa D 10 hapo haitoshi, hata ingekuwa inang'aa namna gani. Na isiyo na maandishi kabisa, ile ya kuchongwa mtaani na kuchomelewa kwenye bampa, mimi siigusi. Bampa ni bati la kuzuia mikwaruzo. Chuma cha kuvutia kinafungwa kwenye chesisi, kwa bolti.

Sasa vyuma vyetu.

Ndoana sitakaa nayo sana. Pete ya tela inakaa ndani, taya la juu linafunga, unachomeka pini. Inavumilia mashimo, haisumbui kwenye makorongo, na ukivuta mbao au pampu ni rafiki. Lakini pete inacheza ndani ya ndoana, kila ukikanyaga breki, go! Ukiondoa mguu, go! Kuanzia hapa mpaka Inyonga utakuwa unasafiri na mtwanga kinu kiti cha nyuma. Kwa karavani yenye makabati na vyombo, hapana.

Huyu mgeni anaitwa DO35, wa kampuni ya Cruisemaster, wa tani 3.5. Badala ya gololi, kwenye gari kuna pini imesimama wima, kichwa cha tela kinashuka juu yake na kujifunga. Nikizungusha hivi, ona, kichwa kinazunguka duara zima. Maana yake gari likiwa limelala kushoto kwenye mtaro na tela limelala kulia, hakuna chuma kinachonyongwa. Gololi haifanyi hivyo. Ina kiwango chake cha kupinda, ukikipita inaanza kukwanyua kichwa, na tela likipinduka linaweza kulivuta gari nalo. Nilipita nayo njia ya mizinga, huko ambako mvua ikinyesha barabara inakuwa mto, na sikusikia mlio hata mmoja. Nimeipenda, sifichi. Kasoro zake: ni nzito, na kulenga pini peke yako bila msaidizi kunataka subira ya mvuvi. Pini ikipotea huku kwetu, tela litakaa chini ya mwembe kama mimi.

Lakini kaka wa Hardtop, usiinunue bado. Karavani yako ni ya Ulaya, na nyingi za huko breki zake zinaendeshwa na kichwa chenyewe. Gari likipunguza mwendo, tela linakisukuma kichwa ndani, fimbo inavuta breki za magurudumu. Fundi akikata kichwa hicho achomelee kingine, amekukatia breki. Tela la kilo 1,400 bila breki linakusukuma kwenye mteremko halikuulizi. Bakia na gololi ya 50. Hii ya pini inamfaa anayejenga tela jipya au mwenye breki za umeme.

Ila angalia kama kichwa chako kina mikono miwili. Kikiwa cha aina ya AL-KO AKS, mkono wa pili unabana gololi kwa vipande vya kukazia ili tela lisitikisike mkia. Hicho gololi yake haipakwi grisi. Kabisa! Futa mpaka ikauke, toa na rangi. Na kinataka gololi yenye shingo ndefu, la sivyo kichwa kinagonga ukikata kona. Kichwa cha kawaida ndicho kinachopakwa grisi. Watu wanachanganya hapo kila siku.

Mtikisiko wenyewe mara nyingi ni upakiaji. Chukua mizani ya magunia, weka gogo juu yake chini ya kichwa cha tela, soma. Waingereza wanataka pua, yaani sehemu ya mbele ya tela inayokaa kwenye gari, ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela, Waaustralia wanakaribia 10. Kwa kilo 1,400, chini ya kilo 70 tela linaweza kuyumba. Lakini usizidishe ile S ya gololi, wala kiwango cha kichwa, wala cha gari; kinachotawala ni kidogo kuliko vyote. Ukijaza matenki ya maji nyuma ya ekseli, pua inainuka, utashangaa.

Mwisho, jaribio langu la kila safari. Nimefunga, nimesikia "tak", lakini siamini tena tak. Naweka jeki chini ya ulimi wa tela, napandisha. Angalieni springi za nyuma za gari... zinainuka. Nyuma yote imepanda na tela, kichwa hakijachomoka. Nashusha jeki, cheni nazipishanisha chini kama mkasi, waya wa kuvuta breki tela likichomoka naufunga sehemu yake, si kwenye gololi.

Kaka, piga picha ya maandishi ya kichwa chako, yale yaliyogongwa kwenye chuma, uitume hapo chini. Nikishaiona D yake ndipo tutajua gololi ya kununua.