Ukuta wa kijani nyumbani kwangu baada ya miaka 3

Chumba changu cha kulala kimeegemea ukuta unaotazama magharibi. Jua la alasiri liliuchoma kiasi kwamba hata usiku wa manane bado ulikuwa unatoa joto. Ndipo nikanunua ukuta wa kijani, yaani mimea inayoota kwenye mifuko ya kitambaa iliyofungwa kwenye fremu ukutani na kunyweshwa kwa pampu na bomba, mtindo wa Mfaransa Patrick Blanc aliyelivika majani jumba la makumbusho la Quai Branly, Paris. Picha za jumba hilo ndizo zilizonishawishi.

Kwa joto, sina lawama kabisa. Majani yanakinga jua, mvuke wake unapoza, na nafasi ya hewa nyuma ya fremu inazuia joto lisipenye. Ukigusa ukuta saa kumi alasiri, kiganja kinakuambia chenyewe. Feni siku hizi naiwasha kwa nadra.

Kazi ipo katika kuuweka hai. Maji hushuka, kwa hiyo mifuko ya juu hukauka huku ya chini ikilowa hadi mizizi kuoza. Chumvichumvi za maji huziba vitundu vya bomba, na usipogundua mapema, safu nzima imekwenda. Kitambaa hakina akiba ya unyevu kama udongo. Niliwahi kusafiri, pampu ikazimika, nikarudi na kukuta theluthi ya mimea imekufa. Iliniuma sana.

Kwa pesa, umeme niliookoa haujafikia hata nusu ya nilichotumia kwa mbolea, vipuri na miche ya kufidia. Na kwa mazingira, hesabu iko vilevile: chuma, plastiki na kitambaa vimeshagharimu nishati nyingi kiwandani kabla jani la kwanza halijachipua, na kitambaa chenyewe hakidumu.

Upande wa mashariki nilifanya jambo rahisi. Nilipanda mitambazi, mimea inayotambaa kwenda juu, ardhini, nikaivutia nyaya za chuma kisichoshika kutu, upana wa kiganja kutoka ukutani ili mashina yasiingie kwenye nyufa za plasta. Imechukua miaka 2 kufika juu, na uvumilivu unahitajika. Lakini haina pampu, namwagilia kiangazi tu, napogoa mara mbili kwa mwaka, na kivuli chake ni kizito.

Mifuko ningemshauri mtu wa ghorofani asiye na ardhi, tena amuulize muuzaji kwanza: mfuko mmoja ukiharibika, unabadilishwaje bila kubomoa safu? Mimi wangu wa magharibi nimeshaanza kuufungua kuanzia chini, na mashimo manne ya mitambazi yako tayari.