Sarafu ya Vespasian "haijaguswa": uzoefu wangu na muuzaji wa London

Imeguswa. Na ilipoguswa ndipo panaponichoma mpaka leo: kwenye mizani.

Niliinunua kwenye maonyesho ya sarafu hapa London, shaba ya Vespasian, kaisari wa Roma, yenye Aequitas, mungu wa kike wa haki, mgongoni; muuzaji aliiandika "haijaguswa", yaani haijachongwa upya. Vespasian alishika madaraka mwaka 69, baada ya Nero kujiua na watatu wengine kupokezana kiti haraka haraka. Hazina aliikuta tupu, akatoza kodi mpaka kwenye mikojo iliyokusanywa vyooni. Mtawala wa hivyo anapopiga chapa mwanamke aliyesimama na mizani mkononi, maneno AEQVITAS AVGVSTI yakimzunguka, anamwambia mnunuzi wa mkate: pesa yangu halali, kipimo changu hakina hila. Herufi S na C pembeni zinataja azimio la Seneti. Mimi nilitoa pesa kwa ajili ya ahadi hiyo.

Nyumbani nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Uso wa Aequitas umelika hadi pua haipo, ila visahani vya mizani vina kingo kali ajabu. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hailiki hivyo, ikamaliza palipoinuka na kuacha nyuzi nyembamba zikiwa nzima. Nikachovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikapangusa. Utandu halisi wa shaba iliyokaa ardhini karne kwa karne hautoki kwa asetoni. Pamba ilirudi kijani. Rangi! Chini yake mifereji ya kifaa cha kuchongea, shaba nyekundu inang'aa.

Maonyesho yaliyofuata nikaenda mezani kwake na ile pamba. Nilimsalimia kwanza, hakuitikia. Huku akihesabu pesa za mteja mwingine akasema sarafu zote za shaba "husafishwa kidogo", na kama vitu vya kale vinanishinda nikusanye stempu. Watu walipoanza kusikiliza akapandisha sauti, ili mkorofi nionekane mimi. Jamani, kusafisha ni kutoa udongo! Kuchonga mizani ambayo fundi wa Roma hakuiacha pale, kisha kuifunika kwa rangi, ni kughushi.

Nilikusudia kumpa sifuri. Lakini nikiigeuza namwona Vespasian, shingo nene, kidevu kile, mikunjo ya paji, amechongwa mzee kama alivyokuwa. Upande huo niliujaribu pia kwa asetoni na haukutoa kitu. Ni mzuri mno, na kila jioni nautazama. Angeniambia ukweli kuhusu upande wa pili ningeichukua hivyo hivyo, kwa bei yake ya haki, na ningemsifu hapa. Basi kwa ajili ya uso ule, nyota tatu.

Hapana. Mbili. Hakunirudishia hata senti, na neno la samahani sikulisikia.

Na juzi nimeona tangazo lake jipya: Salus, mungu wa kike wa afya, akimlisha nyoka, shaba ya kaisari Antoninus Pius. Kichwa cha kaisari kimesagika kabisa, nyoka ana magamba unayoweza kuyahesabu moja moja, na chini ya picha kaandika tena "haijaguswa". Nyota zote nazifuta.