Supu nzito ya samaki: tui la nazi au krimu?

Hapa Kampala bahari iko mbali, kwa hiyo supu yangu huanzia Ggaba, mwalo wa samaki kando ya jiji, kwa sangara wa Ziwa Victoria. Kamba wa barafu wanapatikana, ila bei yao inauma. Sangara ana mnofu mgumu usiosambaratika sufuriani, na kichwa chake kikichemshwa nusu saa pamoja na kitunguu na tangawizi hutoa mchuzi mtamu. Ukishauchuja, linabaki swali moja: uzito utoke wapi?

Tui huvumilia ndimu, nyanya na pilipili, na mgeni asiyepatana na maziwa hunywa bila wasiwasi. Kasoro yake ni moto. Likitokota kwa fujo bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu. Watu wa pwani hutia tui jepesi mwanzoni, kisha zito wakikaribia kuepua. Kwetu huku nazi ni za kusafirishwa, basi mara nyingi natumia la kopo, nalo nalitia mwishoni tu.

Krimu ni laini zaidi na haifuniki ladha ya samaki. Lakini usiweke maziwa ya kawaida badala yake halafu ukakamulia ndimu: yataganda mabongemabonge. Nimeshamwaga sufuria nzima hivyo. Krimu yenye mafuta mengi huhimili, ila ukishaifungua inadai friji, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Kwa sangara mimi nachukua tui. Kwa sato, mwenye ladha ya upole, nakubali krimu. Ndimu kila mtu ajikamulie mezani.